Mvua ni ya Mungu, Ghala ni la Wananchi

Kila ukame unapoingia nchini, wakuu wetu huinua macho juu. Husema mbingu zimefunga, huwaita wananchi wasali, kisha huahidi mbele ya kamera kwamba hakuna Mkenya atakayekufa kwa njaa. Sisi hatuna ugomvi na sala. Makanisa yetu yamesali katika kila kiangazi, na yataendelea kusali. Tunachokikataa ni fundisho linalofichwa nyuma ya maneno hayo, yaani kwamba njaa ni jambo la asili kama kupatwa kwa jua, jambo lisilo na mtu wa kuulizwa. Ukame ni habari ya upepo na mawingu. Njaa ni habari ya bei, ardhi, ghala, barabara na sauti ya mwananchi, na mambo hayo yote yana wasimamizi wanaolipwa mishahara kwa kodi yetu.

Ili neno hili lieleweke, hebu tuweke pamoja mikasa miwili iliyotokea katika mwongo mmoja, miaka ya 1930, katika nchi mbili zilizo mbali sana.

VUMBI LA OKLAHOMA

Mkasa wa kwanza ni wa nyanda za Marekani, katika majimbo ya Oklahoma, Kansas, Texas, Colorado na New Mexico. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza bei ya ngano ilipanda, na wakulima wakahimizwa kulima kila ekari waliyoweza. Nyasi zilizoushika udongo ule tangu zamani zikang'olewa kwa plau. Vita vikaisha, na baada ya mwaka 1929 uchumi ukaanguka na bei ya ngano ikaporomoka. Mkulima mwenye deni la benki hakupunguza shamba lake. Alilipanua, kwa maana gunia moja lilipokosa bei ilimbidi auze matatu ili alipe deni lile lile. Mwaka 1931 mvua zikaanza kukosekana, mimea ikakauka, na upepo ulipovuma haukukuta nyasi wala mzizi wa kuuzuia.

Jumapili ya Aprili 14, 1935, wingu jeusi la vumbi lilizifunika nyanda hizo, mchana ukageuka usiku. Watu wakaiita siku hiyo Jumapili Nyeusi. Kufikia mwaka 1940, watu wapatao milioni 2.5 walikuwa wameyahama majimbo ya nyanda, wengi wakiwa wamebeba vyombo vyao juu ya magari yaliyochakaa.

Msomaji na auangalie mfuatano wa mambo hayo. Dhiki ya uchumi ilitangulia, ukame ukafuata, na vumbi likaja mwisho. Aliyeona vumbi peke yake angelilaumu anga. Aliyefuatilia hesabu ya deni na bei angejua ni wapi udongo ule ulianza kupotea.

VUMBI LA MACHAKOS

Mkasa wa pili ni wa kwetu. Katika miaka hiyo hiyo Wakamba wa Machakos walikuwa wamebanwa ndani ya mipaka ya eneo walilotengewa na serikali ya kikoloni, huku malisho na mashamba mazuri ya kando kando yakiwa yamekabidhiwa walowezi. Watu na mifugo walipoongezeka mahali pasipoongezeka, vilima vilibaki uchi. Nzige walikuja, kiangazi kikaja, na kila mvua iliponyesha ilibeba udongo mwekundu hadi mtoni. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa kikoloni wa hifadhi ya udongo, aliandika ripoti juu ya uharibifu wa ardhi ya Ukambani. Maafisa wa wakati ule walikuwa wakisoma habari za vumbi la Marekani, nao waliogopa kuliona hapa.

Hata hivyo, hawakuuliza ni nani aliyewabana watu hao. Waliamua kwamba mkosaji ni ng'ombe. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwapunguza mifugo Wakamba kwa nguvu, na maelfu ya ng'ombe wakapelekwa mnadani kwa bei ambayo mwenyewe hakuwa na neno juu yake. Wakati huo huo kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Hivyo ndivyo hifadhi ya udongo na faida ya kiwanda zilivyofunga ndoa, na mchungaji akatozwa mahari.

Sasa tulinganishe dawa zilizotolewa. Kule Marekani, mwaka 1934 serikali pia iliwaondoa ng'ombe katika maeneo yenye ukame, zaidi ya milioni 8, lakini iliwanunua kwa fedha kutoka kwa wenyewe. Aprili 27, 1935, siku chache tu baada ya Jumapili Nyeusi, sheria ya hifadhi ya udongo ilipitishwa. Wakulima walifundishwa kulima kwa kufuata mkingamo wa mteremko, wakalipwa kwa kufanya hivyo, na kuanzia mwaka 1937 wakaanza kuunda wilaya za hifadhi zinazoongozwa na wakulima wenyewe.

Hatusemi kwamba Marekani ilikuwa pepo. Fedha za kupunguza kilimo zilimwendea mwenye shamba, na wapangaji wengi, Weusi kwa Weupe, wakafukuzwa katika ardhi waliyoilima. Weusi wa Kusini, walionyimwa kura, ndio walioumia kupita wote. Lakini jambo hilo linaitia nguvu hoja yetu, kwa kuwa linaonyesha kwamba msaada ulizifuata kura. Mwenye kura alinunuliwa ng'ombe wake, na asiye na kura akafungashiwa virago.

Wakamba wa mwaka 1938 hawakuwa na kura, wala mbunge, wala gazeti la kuwasemea. Walikuwa na miguu. Chini ya Muindi Mbingu na chama cha Ukamba Members Association, wanaume, wanawake na watoto walitembea kutoka Machakos hadi Nairobi, wakapiga kambi na kukaa kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, serikali iliacha kuwanyang'anya watu mifugo. Ilijua vyema kwamba askari wake wengi walikuwa wana wa Ukambani, na kwamba kilio cha baba kijijini kingesikika kambini.

ARDHI ILIYOPONA

Habari haikuishia hapo. Kwa miaka mingi baadaye serikali ya kikoloni iliendelea kuwalazimisha watu kuchimba mitaro chini ya usimamizi wa chifu, na watu wakaichukia mitaro kwa sababu ya mkono uliowashurutisha. Mambo yalianza kubadilika pale kazi ilipowekwa mikononi mwa vikundi vya mwethya, vilivyochagua viongozi wao wenyewe, wengi wao wakiwa akina mama. Watu wakachagua aina ya mtaro waliyoona inafaa, hasa ule wa "fanya juu," ambao udongo wake hurushwa upande wa juu ili tuta lijijenge lenyewe mwaka hata mwaka.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha uchunguzi wao juu ya wilaya ya Machakos tangu miaka ya 1930. Walikuta kwamba idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno ya kila mtu yalikuwa yamepanda. Vilima ambavyo maafisa walikuwa wamevikatia tamaa vilikuwa vimevikwa matuta. Sababu zilikuwa wazi. Watu walikuwa na hakika na ardhi yao, walikuwa na barabara ya kufika Nairobi, walikuwa na zao la kahawa lililowaletea fedha, na walikuwa na mishahara ya ndugu waliofanya kazi mjini. Palipokuwa na haki na soko, jembe lilijua la kufanya.

NJAA ZENYE MAJINA

Wazee wa Ukambani hawazihesabu njaa kwa tarakimu. Wanazipa majina, na kila jina ni hukumu. Njaa ya mwisho wa karne ya 19 inaitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Ya mwaka 1961 ni njaa ya ndeke, kwa sababu chakula kilidondoshwa kwa ndege. Na moja ya njaa za mwanzoni mwa miaka ya 1980 inaitwa Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nikiwa nazo mkononi. Fedha zilikuwapo, chakula cha kununua hakikuwapo.

Katika ukame wa 2020 hadi 2022 jina hilo liligeuzwa kichwa chini. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, jambo ambalo wataalamu wa hali ya hewa walisema halikuwa limeonekana kwa miongo kadhaa. Septemba 8, 2021, ukame ulitangazwa kuwa janga la taifa. Mwisho wa mwaka 2022 Wakenya zaidi ya milioni 4 katika maeneo kame walihitaji msaada wa chakula, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa. Lakini katika maduka ya Nairobi, Mombasa na hata Kitui mjini, unga ulikuwapo. Pakiti ya kilo 2 ilipita shilingi 200. Chakula kilikuwapo, fedha za kukinunua hazikuwapo.

Kwa nini hazikuwapo? Kwa sababu njia moja baada ya nyingine ya kumpatia mkulima fedha ilikuwa imekwisha kuzibwa. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyoilinda bei ya kahawa yalivunjika, na mkulima wa Machakos akaanza kuing'oa miche aliyoipanda kwa matumaini. Pamba iliyolimwa Kitui na Makueni ilififia baada ya soko kufunguliwa bila mkulima kuandaliwa. Mwaka 2017 India iliweka kikomo kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei ikaanguka hadi magunia yakabaki nyumbani. Mkulima huyo huuza mahindi yake wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ili alipe karo, kisha huyanunua tena miezi michache baadaye kwa bei ya juu.

Asipokuwa na cha kuuza, huuza mti. Makaa yanayopelekwa mjini kwa malori usiku ni miti iliyokuwa ikizuia upepo. Mchanga unaochotwa katika mito ya misimu ni hifadhi ya maji ya kijiji kizima, kwa maana katika mito ile maji hulala chini ya mchanga baada ya mvua kwisha. Mti ukiondoka na mchanga ukiondoka, kiangazi kinachofuata humkuta mkulima yule yule akiwa dhaifu zaidi, na vumbi linaloinuka shambani mwake ni mtaji wake unaopeperuka. Ni hesabu ile ile ya Oklahoma, ambayo dhiki iliitangulia tufani. Wanaomlaumu maskini kwa kukata mti, na wasiulize ni nani aliyemnyima bei ya mazao yake, wanarudia kosa la wale waliomshtaki ng'ombe mwaka 1938.

UNGA WA KURA

Kuna jambo jingine ambalo kila mwenye macho ameliona. Mei 2017, unga wa ruzuku uliuzwa nchini kwa shilingi 90 kwa pakiti ya kilo 2. Uchaguzi Mkuu ulikuwa Agosti 8. Julai 2022, bei ya pakiti hiyo ilishushwa hadi shilingi 100. Uchaguzi ulikuwa Agosti 9. Ruzuku zote mbili hazikudumu. Tumbo la Mkenya halina kalenda ya uchaguzi, lakini ghala la serikali, yaelekea, linayo.

Vijijini mambo ni yale yale kwa sura nyingine. Chakula cha msaada, mwolyo kama kinavyoitwa Ukambani, hugawanywa na watu ambao orodha yao haijasomwa hadharani. Mjane asiyejulikana kwa mgawaji hukosa. Kijana anayehojiwa kuwa ni wa mrengo gani hukosa. Mwananchi anayepewa haki yake kama hisani hujifunza kushukuru pale anapostahili kudai, na mtu aliyejifunza hivyo ni rahisi kumtawala.

Tena tukumbuke Januari 2009. Mwezi huo njaa ilitangazwa kuwa janga la taifa, Wakenya wapatao milioni 10 wakitajwa kuwa hatarini. Katika majira hayo hayo nchi ilikuwa ikisikia kashfa ya mahindi, ya watu wasiokuwa na hata jiwe la kusagia waliopewa mahindi ya akiba ya taifa. Februari hoja ya kutokuwa na imani na waziri husika ililetwa Bungeni, ikashindwa. Mwaka 2024, wakulima waliokuwa wakisubiri mvua ya masika walikuta katika magunia ya mbolea ya ruzuku kitu kisichokuwa mbolea.

JE, VYAMA VINGI VIMELETA UNGA?

Hapa wako wanaotucheka. Wanasema, "Mlipiga kelele za vyama vingi, kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, mkapata katiba mpya mwaka 2010. Unga u wapi?" Swali hili ni halali, nasi hatutalikwepa.

Mwanauchumi Amartya Sen, aliyezichunguza njaa za Bengal na za Ethiopia, alionyesha kwamba njaa kuu za kuangamiza umati hazitokei katika nchi yenye uchaguzi wa kweli na magazeti huru, kwa kuwa mtawala anayeweza kuondolewa hawezi kukaa kimya watu wakifa. Na kwa kweli uhuru wa kusema umetufaa. Kashfa ya 2009 ilijulikana kwa sababu magazeti yaliandika na wabunge wakauliza. Mbolea bandia ya 2024 ilijulikana kwa sababu wanahabari walipekua na wakulima wakanena. Zamani mambo kama hayo yangezikwa pamoja na aliyeyasema.

Lakini kujua si kuwajibisha. Tumepata mdomo, na bado hatujapata mkono. Uhuru wetu umetosha kuzuia vifo vya halaiki visifichwe, ila haujatosha kuzuia utapiamlo wa kila msimu, ambao hauna picha za kutisha na kwa hiyo hauna kishindo. Mabadiliko ya katiba yalikuwa mlango. Anayesimama kwenye mlango na kulalamika kwamba bado ana njaa anapaswa kuingia jikoni.

Wasomaji wetu wa makanisani wanaijua habari ya Yusufu na ghala la Misri. Mara nyingi huhubiriwa kama mfano wa uongozi wenye hekima, na hekima ilikuwamo. Lakini isomwe hadi mwisho wake katika kitabu cha Mwanzo. Nafaka iliyokusanywa kwa watu iliuzwa kwa watu hao hao. Kwanza walitoa fedha zao, kisha mifugo yao, kisha mashamba yao, mwishowe miili yao, hadi nchi yote ikawa ya Farao na wenyeji wake wakawa watumwa. Ghala lilijaa, na watu hawakufa, lakini uhuru wao uliliwa pamoja na nafaka. Kwa hiyo haitoshi kudai kwamba ghala liwepo. Sharti tuulize ghala ni la nani, na ufunguo unashikwa na nani.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Katiba, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Silaha hizi mbili zikitumiwa pamoja zinatosha kuanza kazi.

Kwanza, Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 za maeneo kame. Taarifa hiyo isomwe kanisani na katika baraza, kwa lugha ya wenyeji. Kaunti inapotajwa kuingia katika hatua ya tahadhari, waumini na wanaharakati waandike barua siku hiyo hiyo kuuliza ni fedha gani zimetolewa na zimefanya nini. Mwaka 2011 maonyo yalitangulia kwa miezi mingi, na msaada ukaja mifugo ikiwa imekwisha kufa.

Pili, kila orodha ya chakula cha msaada isomwe kwa sauti mbele ya watu wote na kubandikwa ukutani. Orodha inayoogopa jua ina mwizi ndani yake.

Tatu, tuhudhurie vikao vya bajeti za kaunti. Mpango wa fedha hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Februari 28 na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mabwawa ya mchanga, ambayo wananchi wa Kitui na Makueni wameyajenga kwa mamia, yanagharimu kidogo ukilinganisha na magari ya kifahari. Mwakilishi wa wadi na aulizwe mbele ya watu wake ameyatengea shilingi ngapi.

Nne, makanisa yalinde mimbari yao. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha michango ya wanasiasa iliyotolewa katika parokia yake. Fundisho hilo na lifike hadi kwenye kanisa la mabati kijijini. Gunia la mahindi linaloletwa madhabahuni na mwanasiasa aliyeshindwa kulinda ghala la taifa ni mali ya wananchi inayorudishwa kwa wenyewe kama zawadi.

Mvua itanyesha itakapopenda Mungu, na itakosa tena, maana nchi yetu ni ya vipindi vya ukame na wataalamu wanatuonya kwamba joto la dunia linazidi. Hilo hatuna amri nalo. Lakini bei ya mbaazi, hati ya shamba, ufunguo wa ghala na orodha ya mwolyo ni vitu vilivyowekwa na watu, na watu wanaweza kuviweka upya. Waliotembea kutoka Machakos mwaka 1938 hawakuwa na katiba ya kushika mkononi, na waliirudisha nyuma serikali ya mfalme. Sisi tunayo. Februari 28 ijayo, wangapi kati yetu watakuwa ndani ya ukumbi wa kaunti?